Mtu wa Kusema Acha

Kazi ya gari bovu ni ya watu wawili, na asiyelijua hilo hajawahi kumiliki gari bovu. Mmoja anakaa ndani kwenye usukani, mwingine anasimama nje, kichwa kimezama kwenye boneti. Wa nje anasema, wa ndani anafanya. Katika ndoa yangu wa nje alikuwa mume wangu, wa ndani mimi, na maneno ya kazi yalikuwa mawili tu. Akisema "Gusa," nawasha, au nakanyaga breki, au nabonyeza honi, kutegemea siku hiyo ugonjwa uko wapi. Akisema "Acha," naacha. Kabla hajasema siachi, hata mguu ufe ganzi.

Gari lenyewe ni pikapu ya dizeli, kuukuu, ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Tulilitumia kubebea mananasi kutoka shamba letu la Fukayosi hadi kwa wanunuzi wa Mapinga, na jioni likalala uani kwetu Bagamoyo, kando ya ukuta wa jiko. Kwetu ni karibu na bahari, na hewa ya chumvi haina adabu: inakula bawaba, inakula mabati, inakula waya za gari. Ilikuwa nadra wiki kupita bila kitu kugoma. Kwa hiyo nilikaa kwenye usukani ule miaka na miaka bila kwenda popote. Spana sikushika. Nilichojua nilikijua kwa masikio. Starta ikisema "tk" moja kavu, ni betri imechoka au vichwa vyake vimeota ukungu wa chumvi. Ikizunguka vizuri na moto hauji, tafuta mafuta yamekwama wapi.

Tulizungumza sana pale, kuliko ndani ya nyumba. Nadhani ni kwa sababu boneti ikiwa wazi hamwonani. Mimi naona bati tu mbele yangu, na sauti yake inatoka nyuma ya bati. Nikimwambia, "Bwana wee, gari hili unalipenda kuliko mimi," sauti inanijibu, "Hili likinuna, najua sababu." Nacheka peke yangu ndani, naye anacheka peke yake nje.

Na gari likigoma ghafla, alikuwa na swali lake moja. Hakuuliza gari lina nini. Aliuliza, "Nani kaligusa mwisho?" Aliamini chuma hakijiharibu chenyewe kikiwa kimesimama, lazima kuna mkono uliopita. Mara nyingi mkono ulikuwa wake mwenyewe, akajitukana kidogo, akaanzia pale.

Alifariki asubuhi, na mchana wake pikapu ile ile ikabeba jeneza hadi makaburini. Aliendesha jirani. Sisi wanawake hatuendi kuzika, tulibaki ndani, na katika kilio chote kile mimi sikio langu lilikuwa barabarani. Nililisikia likiwaka, nikalisikia likiondoka. Nikasema moyoni, leo halikohoi. Mtu akinisikia ataniona mwendawazimu, lakini hicho ndicho nilichokiwaza siku ya kumzika mume wangu, kwamba angefurahi kusikia mlio ule.

Likarudishwa, likaegeshwa mahali pake kando ya jiko, ufunguo ukaletwa ndani. Mimi nikaingia eda.

Asiyewahi kukaa eda anaona ni kupumzika. Unakaa chumbani na nguo nyeupe, hutoki, hujipambi, na mwanamume anayeweza kukuoa hakuoni uso, awe jirani, awe shemeji. Mdogo wake marehemu, anayeuza mchele na maharage kwa watu wa malori pale Chalinze, alikuwa anakuja kunijulia hali na kuzungumza nami kutoka upande wa pili wa pazia la mlango. Alikuwa mtu wa sauti ndogo siku hizo, anaongea kama mtu aliyeinamisha shingo. Kupitia pazia lile nilipokea pole, sukari, unga, na habari za dunia. Gari niliona kipande chake tu kupitia upenyo wa dirisha: tairi moja na pembe ya boneti.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa, na kabla sijakwenda popote nilikwenda uani. Nikakaa kwenye usukani, nikasema bismillahi, nikazungusha ufunguo.

Kimya. Hata ile "tk" haikuja. Taa za dashibodi hazikuwaka, honi haikulia, hakuna kilichonijibu.

Shemeji alikuja siku chache baadaye na fundi kutoka Chalinze. Fundi akafungua boneti, akaunganisha betri yetu na ya gari alilokuja nalo kwa zile waya nene mbili, akaniambia nizungushe ufunguo. Kimya. Akachokonoa hapa na pale, akanusa, akatikisa kichwa. "Mama, mfumo wote wa waya umeungua. Gari hili limekufa." Muda wote huo shemeji alikuwa amesimama getini, hakusogea. Nikajiambia, huyu hata kuliangalia gari la kaka yake hataki, kumbe anataka kuliuza tu.

Na kweli, fundi alipotoka ndiyo akayasema. "Shemeji, tuliache liende. Kuna wanunuzi wa vyuma chakavu kwetu Chalinze, watakuja na lori kulivuta Jumamosi. Gari hili litakuumiza moyo kila siku."

"Moyo ni wangu," nikamwambia.

Lakini nilijua kinachofuata. Dereva wa kukodi nitampata, lakini gari likienda, mananasi yanaozea Fukayosi. Mananasi yakioza, watasema shamba la nini. Shamba likienda, watasema mwanamke peke yake kwenye nyumba yote hii anafanya nini, aende kwa binti yake Dar. Na binti yangu ananipenda, simsemi vibaya, lakini kukaa sebuleni kwa watu ukipangiwa kochi la kulalia ni kuzikwa ukiwa unapumua. Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Kwenye kiti kile cha dereva ndipo nilipokuwa nikizungumza na mume wangu. Chumbani tulilala, mezani tulikula, lakini mazungumzo yalikuwa pale. Wakilivuta, yanakwenda nalo.

Nikamwambia shemeji, "Nipe mpaka Ijumaa. Ukitoka msikitini uje. Likiwaka mbele yako, habari ya kuuza usiniletee tena. Lisipowaka, lori lije Jumamosi, na mimi neno sitalisema."

"Nani atalitengeneza?"

"Mimi."

Hakucheka. Bora angecheka, ningepata hasira ya kufanyia kazi. Aliniangalia kwa huruma tu, akasema inshallah, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilijifunga kanga mbili, nikatoa sanduku la vifaa la marehemu chini ya kitanda, nikafungua boneti mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Loo, ukiwa umezoea kuona bati la nyuma yake tu, ndani kule ni nchi nyingine. Niliduwaa. Nikatamani kuuliza, nikageuka kuangalia kwenye usukani, na pale kwenye usukani ndipo mahali pangu. Palikuwa patupu. Nilicheka kidogo, kisha kicheko kikanigeuka nikalia, mikono imeshika ukingo wa gari. Nililia mpaka nikachoka, nikajifuta kwa kanga, nikaanza kazi.

Nikajiuliza swali lake. Nani kaligusa mwisho?

Siku ya mazishi lilikwenda na kurudi vizuri. Tangu hapo halikutoka uani. Fundi wa Chalinze alilikuta tayari limekufa. Basi nikasema nianze na betri, niitoe nikaichajishe, maana hilo hata mimi nalijua. Nikachukua spana, nikalegeza kibano cha waya kwenye kichwa cha kwanza. Kiligoma. Kilikuwa kimepanuliwa kwa nguvu na kupigiliwa kama kofia ndogo kwenye kichwa kikubwa. Nikaenda kwa cha pili, na hicho hakikuhitaji hata spana, kikaja chenyewe mkononi. Ndani yake kukadondoka kipande cha bati.

Nikakiokota. Kipande chembamba, kimekatwa kwa kisu na kuzungushiwa kichwa cha betri ili kibano kisichezecheze. Upande mmoja kilikuwa na rangi, na kwenye rangi ile kipande cha picha ya ng'ombe. Kopo la maziwa ya unga.

Mume wangu hakuwahi kuweka bati pale. Vichwa vya betri havilingani, kimoja kinene kimoja chembamba, na kila waya ina kibano cha saizi yake. Alinieleza hilo nikiwa ndani na yeye nje, zaidi ya mara moja, kama mtu anayesimulia tabia za jamaa zake. Kibano kikibana sana huku na kikilegea sana kule, maana yake ni moja tu: betri imefungwa kinyume. Chanya kwenye hasi, hasi kwenye chanya. Ukifanya hivyo gari linajichoma lenyewe.

Na maziwa ya unga mimi sinunui. Nyumba hii ilipata kopo la maziwa ya unga siku moja tu. Siku ya hitima ya arobaini.

Nikakaa chini palepale mchangani, yote yakanijia. Umeme ulikatika asubuhi ile, watu wamejaa uani, wasomaji wamekaa kwenye majamvi, na kipaza sauti kimezima. Kisomo kikawa kinasikika mstari wa mbele tu. Mimi niko chumbani, sisikii dua ya mume wangu, roho inaniuma. Mara sauti ya shemeji nyuma ya pazia: "Shemeji, naomba ufunguo wa gari kidogo." Nikaupitisha chini ya pazia, nikidhani wanataka kulisogeza wapate nafasi. Baada ya muda kipaza sauti kikarudi, kisomo kikaingia mpaka chumbani, nikashukuru. Kumbe kilikuwa kinakula betri ya pikapu. Na walipomaliza, mtu akairudisha betri mahali pake asijue iliangalia wapi, akaona kibano kinacheza, akachukua kopo la maziwa ya chai ya wageni, akakata bati.

Mtu huyo alikuwa na ufunguo, maana boneti hufunguliwa kutoka ndani ya gari. Na ufunguo niliukabidhi mimi mkononi mwake shemeji.

Nilipandwa na hasira nikahisi masikio yanawaka. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeliua, na yeye ndiye anayeita lori. Nikakifunga kile kipande cha bati kwenye pindo la kanga, fundo la kukaza. Nikasema Ijumaa nitalifungua mbele yake, na maneno nikaanza kuyapanga siku ile ile.

Betri niliipakia kwenye bodaboda, nikamkumbatia dereva kwa nyuma huku betri iko katikati yetu, nikaipeleka kuchaji. Iliporudi niliifunga kwa haki yake. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nilivunjika moyo, lakini haikunishangaza. Mume wangu aliwahi kusema kwamba mahali fulani karibu na betri kuna fyuzi kubwa inayokufa kwanza ili waya zisife. Alikuwa akiisifu, ati ndiyo yenye heshima kuliko vyote humo ndani. Nikaitafuta. Nikakuta kikasha cha plastiki kilichokauka kwa jua, kifuniko kikanivunjikia mkononi, na ndani yake fyuzi moja kubwa imekuwa nyeusi kama chungu cha kuni. Nikaing'oa, nikaenda nayo dukani kwa spea nikiwa nimeikamata kwa kitambaa.

"Mama, umetumwa na fundi gani?" muuzaji akaniuliza.

"Nimejituma."

Akanitazama mikono yenye grisi, akanipa fyuzi.

Nilipoichomeka na kuzungusha ufunguo, taa za dashibodi ziliwaka zote. Nyekundu, njano, kijani. Kwa muda mfupi nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Nikafungua mdomo kusema, "Zimewaka!" na nikaisikia sauti yangu ikienda mpaka kwenye ukuta wa jiko na kuishia hapo. Hilo ndilo ambalo sikulitegemea. Nilijiandaa kwa shida, nikajiandaa kwa kushindwa. Sikujiandaa kupata kitu nikakosa wa kumwambia.

Jirani yangu akanisikia, akachungulia juu ya ua. Mwanamke mwema, mdomo hauna breki. Nikamwomba aje akae kwenye usukani akanyage breki niangalie taa za nyuma. Akapanda huku anasoma kila dua anayoijua. "Nimekanyaga!" akasema. Taa hazikuwaka. "Kanyaga ya katikati, mwenzangu, hiyo ni klachi." Akakanyaga ya katikati, ikawaka moja, na kabla sijazunguka nione ya pili akawa ameachia, anaanza kunisimulia harusi ya Mapinga. Namwambia, "Usiache mpaka niseme." Ananijibu, "Sijaacha, nimepumzika." Alikaa, akanichekesha, akaenda zake kuangalia sufuria jikoni kwake. Alipoondoka upweke ukawa mkubwa kuliko kabla hajaja. Mtu yeyote anaweza kukaa kwenye kiti. Wa kungoja neno ni wachache.

Basi nikachukua mbuzi ya kukunia nazi, nikaisimamisha kati ya kiti na pedali ya breki ikakandamiza, nikazunguka nyuma. Moja inawaka, moja haiwaki. Nikabadili balbu, zikawaka mbili, wekundu wake ukaonekana kwenye chokaa ya ukuta. Tangu siku ile mbuzi ya nazi ikawa ndiyo mwenzangu wa ndani. Haizungumzi, lakini haiachi.

Alhamisi nikajaribu kuliwasha. Starta ilizunguka vizuri, moto haukuja. Nilijua maana yake: dizeli imerudi nyuma, mrija umeingia hewa. Juu ya chujio la mafuta kuna pampu ndogo ya kusukuma kwa kidole gumba; unasukuma mpaka iwe ngumu, unalegeza skrubu povu litoke, unakaza, unasukuma tena. Nikawa nasukuma, nakimbilia ndani, nazungusha, nashuka, nachungulia, nasukuma. Nikiwa nje nilitaka mtu wa ndani, nikiwa ndani nilitaka mtu wa nje. Nilikwenda na kurudi mpaka kanga ikaniganda mgongoni na starta ikaanza kulegea. Ikasema "tk". Betri imekwisha.

Nikalitukana. Niseme kweli, nililitukana gari matusi ambayo mama wa umri wangu hayasemi, kisha nikamtukana na mume wangu. Nikamwambia, umekwenda zako umeniachia chuma, kisha nikamwomba radhi palepale. Betri ikaenda tena kuchajiwa. Binti yangu akapiga simu kutoka Dar. "Mama, sauti yako imechoka. Njoo huku, gari la nini?" Nikamwambia niko salama, nakuna nazi.

Ijumaa, watu walipoanza kupita barabarani na kanzu kwenda msikitini, betri ilikuwa imerudi mahali pake. Nikasukuma ile pampu mpaka gumba langu likauma na mafuta yakatoka safi, bila povu hata moja. Nikakaza. Nikapanda. Nikangoja taa ndogo ya kupasha injini izime, nikazungusha.

Likakohoa. Likakohoa tena, moshi mweupe ukajaa uani, likashika.

Jamani. Usukani ulitetemeka mikononi mwangu, kioo kikatetemeka, na mimi nikatetemeka nacho. Mbele yangu boneti wazi, bati lile lile, na nyuma ya bati sioni kitu. Nikaweka mguu kwenye mafuta kidogo, kama nilivyozoea. Nikangoja.

Nilingoja nini? Nilingoja aseme "Acha." Akili ilijua, mguu haukujua. Gari linanguruma, moshi umegeuka kutoka mweupe kwenda bluu na kupotea, na mimi nimekaa na mguu wangu palepale, sijui niondoe lini, kwa sababu maisha yangu yote kazi hiyo haikuwa yangu. Sikulia. Nilihisi tu kwamba sasa ndiyo amefariki. Mazishi, eda, hitima, vyote vilipita nikiwa bado nangoja neno lake.

Taa moja nyekundu kwenye dashibodi haikuzimika, ile ya chaji. Altaneta, ile mashine ya kuichaji betri, nayo huenda iliungua siku ya hitima. Nikaamua kutolizima, maana sikuwa na hakika litawaka mara ya pili, na nikakaa hivyo hivyo mpaka watu wakaanza kurudi kutoka msikitini.

Shemeji aliingia getini na kanzu yake, akasimama. Nilishuka. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku nyingi, makali, ya kumtosha yeye na ukoo wake. Nikafungua fundo la kanga, nikampa kile kipande cha bati kwenye kiganja.

Alikiangalia, akakigeuza akaona ile picha ya ng'ombe. Kisha akalitazama gari linalonguruma. "Nilidhani nimeliua," akasema.

Nikamsogelea.

"Ulijua?"

"Ilitoka cheche, shemeji. Na harufu. Nikafunga boneti haraka, watu wako kwenye dua. Nilitaka kisomo chake kisikike, nikachukua gari lake nikaliua." Alikuwa anaongea na kile kipande cha bati. "Kila nikiliona naona mkono wangu. Ndiyo maana nikasema liondoke."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa eda. Ningekuambiaje?"

"Pazia ni kitambaa tu, shemeji. Nilikuwa nakusikia." Nilitaka kusema zaidi, lakini nikamwona alivyosimama, nikaona kwamba mtu huyu amekuwa peke yake na jambo hili kama mimi nilivyokuwa peke yangu na langu, kila mmoja upande wake wa pazia. Hasira ikanitoka. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba hasira imenitoka, maana mimi si mtu wa kuficha.

Akatoa simu, akawapigia wa lori mbele yangu. "Msije kesho. Gari linatembea." Akairudisha simu mfukoni, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Akauliza kama kuna lolote analoweza kufanya, ingawa gari anajua kupanda tu.

"Kuna taa ya chaji haizimi," nikamwambia. "Kabla sijanunua altaneta nataka kujua kama mkanda wake unazunguka au unateleza. Mimi siwezi kukanyaga mafuta na kuangalia kwa pamoja. Simama pale mbele, ukisema 'Gusa' nakanyaga, ukisema 'Acha' naacha, kisha uniambie."

Akakunja mikono ya kanzu, akaenda. Nikapanda kwenye kiti changu. Akainama, na boneti ikamfunika, nikabaki naona bati. Sauti yake ya pazia niliijua, ndogo, ya kuinamisha shingo. Lakini mtu akishindana na injini lazima apaze sauti, na sauti yake ikipazwa sikuwa nimeisikia tangu enzi za ujana wao.

"Gusa," akasema.

Mkono wangu ukashika usukani. Ilikuwa sauti ile ile. Wamenyonya ziwa moja, ningeshangaa nini, lakini ilitoka mahali pale pale, nyuma ya bati lile lile, na uso sioni.

Nikagusa. Injini ikapanda.

"Acha," akasema.

Sikuacha. Nilitaka aseme tena.